Wageni wa Aprili

Kila aliyepiga simu katika ofisi ile ndogo ya safari, pale Darsait, mjini Maskati, juu ya duka la mapazia, aliuliza swali lile lile: tuje lini? Na aliyejibu alikuwa Rahila binti Khalfan, mwanamke wa miaka hamsini na minane, mwalimu mstaafu wa jiografia, mwenye sauti ya darasani ambayo hata simu mbovu haikuweza kuipunguza.

"Inategemea unataka nini," angesema, kwa Kiarabu, kwa Kiingereza, na mara moja moja kwa Kiswahili. Kisha angeanza. Maskati yenyewe njoo kati ya Novemba na Machi, ukitembea mchana kama binadamu. Juni usije, labda kama umeapa, maana chuma cha mlango kinaunguza kiganja. Salala nenda Julai na Agosti, wakati wa kharifu, vilima vinapovaa kijani na manyunyu hayakatiki. Jabal Akhdhar hupandwa mwaka mzima: wakati wa joto watu wa pwani hukimbilia huko kupumua, Januari wenyeji huamka wakakuta utando wa barafu kwenye ndoo za mbuzi, na kuanzia mwisho wa Machi mawaridi huchanua kwenye ngazi za mashamba. "Lakini Aprili," angeongeza, na hapo sauti ilibadilika, "Aprili panda asubuhi, shuka mapema, na wadi usiingie."

Wageni wengi hawakujua wadi ni nini, naye alikuwa na subira ya kuwaeleza. Ni bonde la mawe, mwaka mzima limekauka au lina vidimbwi vya maji safi vya kuogelea. Mvua ikinyesha mlimani, mbali huko usikoona, bonde hilo hugeuka mto ndani ya dakika chache. Wewe umekaa chini, jua linakuwakia, na kifo kiko njiani kinakuja.

Hofu hiyo hakuipata vitabuni. Juni mwaka 2007, kimbunga Gonu kilipopiga, maji yaliingia nyumbani kwao Ghubra mpaka usawa wa madirisha. Rahila alimbeba mama yake mgongoni ngazi mbili, wakakaa chumba cha darini siku nzima wakitazama gari la jirani likielea barabarani na taa zake zinawaka. Mama yake, Bi Khawla, aliyetoka Unguja akiwa mtu mzima na kumleta Rahila mtoto wa miaka saba, alikuwa akihesabu majira kwa mtindo wa kwao hadi uzeeni. Siku ile alitikisa kichwa akasema, "Masika gani haya yasiyokuwa na mwezi wake?" Tangu hapo Rahila hakuliamini wingu. Akiwa darasani, akiwa sokoni, radi ikinguruma mbali, mikono ilimtoka jasho. Wenzake walimcheka kidogo, naye alikubali kuchekwa.

Ndiyo maana jambo lililotokea Ijumaa ile lilimuuma mara mbili. Wa kulaumiwa kwanza alikuwa yeye.

Lilianzia dukani, mtaani kwao Ghubra. Msichana mmoja, Paulina, alikuwa akichagua vitunguu huku akijisemea kwa Kiswahili kwamba vimeoza vyote. Rahila aliyekuwa nyuma yake akasema, "Chukua vya chini, mwanangu, vya juu hivyo vya wiki iliyopita." Yule msichana akageuka kama aliyeitwa kutoka mbinguni. Alikuwa wa Makete, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, na alifanya kazi za ndani katika nyumba ya tatu kutoka kwa kina Rahila, kwa mama mmoja aitwaye Maram. Kuanzia siku hiyo walisalimiana. Na alipojua Rahila anafanya kazi gani, hakukawia.

"Bi Rahila, mimi nataka baridi," alisema. "Kwa kweli. Miaka mitatu sijasikia baridi isiyotoka kwenye kiyoyozi. Kwetu saa hizi mtu anaota moto. Tuko sita, wote wa kanisani, tunataka siku moja tu tupande huo mlima."

"Njooni Januari. Januari baridi yake itakutosha hadi kwenye mifupa."

"Januari hatupati ruhusa. Tumeahidiwa siku moja baada ya Idi, Ijumaa ya pili. Wote sita kwa pamoja, jamani, unajua ilivyo ngumu?"

Rahila alijua. Idi mwaka ule iliangukia mwanzoni mwa Aprili kasoro siku moja mbili. Alihesabu moyoni, na hakupenda hesabu aliyoipata. Lakini alimtazama yule msichana na mfuko wake wa vitunguu, akasema, "Haya. Nitakupangieni miye mwenyewe."

Alipanga kwa uangalifu. Kuondoka saa kumi na moja alfajiri, kufika juu kabla ya saa tatu, kuona watu wakichuma mawaridi na kukamua maji yake, kunywa chai, kushuka saa sita. Dereva atakuwa Nasr, mtu wa makamo mzaliwa wa chini ya mlima huo huo, aendeshaye taratibu kama amebeba mayai. Mwenye ofisi, Maan, alikubali bila kuuliza sana. Kisha, siku mbili kabla ya safari, Paulina akapiga simu.

"Bi Rahila, wenzangu wameona picha. Yale maji ya kijani yaliyo katikati ya mawe. Theodora anasema hawezi kurudi Tanzania bila kutia miguu pale. Nusu saa tu."

"Aprili siwaingizi watu wadini, Paulina."

"Nusu saa, mama."

Neno hilo "mama" lilimlegeza. Rahila hakujaaliwa mtoto. Alifungua utabiri wa hewa: Ijumaa mawingu machache milimani, uwezekano wa mvua alasiri. Uwezekano. Mwaka mzima uwezekano huo ungemtosha kusema hapana. Safari hii alijiambia kwamba alasiri ni alasiri, nao watakuwa wameshaondoka. Akachukua kalamu, na chini ya programu akaongeza kwa mkono wake: saa saba, chakula cha mchana wadini, kuondoka saa saba na nusu. Akampa Nasr.

Nasr aliisoma, akainua macho. "Ustadha, wadi?"

"Nusu saa," Rahila akasema, na akaona aibu kwamba anarudia maneno ya Paulina.

Ijumaa asubuhi ilipambazuka safi. Saa mbili na nusu Paulina alituma picha: wanawake sita wamejifunga kanga juu ya masweta, nyuma yao ngazi za mashamba zimejaa mawaridi ya rangi ya midomo ya mtoto. Chini aliandika: baridi ipo, nimelia kidogo. Rahila alicheka peke yake jikoni. Alipika pilau, akamlisha mama yake, akaanza kuosha vyombo.

Saa saba kasoro robo simu ikatoa mlio mkali wa tahadhari. Mvua za radi juu ya milima ya Hajar. Mabonde yatashusha maji. Watu wajiepushe na wadi.

Sahani ilimponyoka mkononi, ikazama kwenye povu. Alitoka uani akatazama kusini. Mbali, nyuma ya vilima vya karibu, wingu lilikuwa limesimama kama ukuta mweupe, kichwani limetandaa bapa, tumboni jeusi. Hapo uani kwake jua lilikuwa kali, nguo kwenye kamba zimekauka kau.

Alimpigia Nasr. Simu haipatikani. Alimpigia Paulina. Haipatikani. Aliandika ujumbe, MSIINGIE WADI, kwa herufi kubwa, kisha akauandika tena kwa Kiarabu kwa Nasr. Jumbe zote mbili zilibaki na alama moja, hazikufika. Alimpigia Maan, lakini huo ulikuwa wakati wa sala ya Ijumaa na simu iliita hadi ikachoka. Alipiga mara saba. Mara ya nane Maan akapokea, yuko Bustan, ameshatoka msikitini, ameketi kula na wageni.

"Nasr ni mtoto wa mabonde yale, Rahila," alisema. "Anajua wadi kuliko mimi na wewe. Tulia."

"Nasr anafuata karatasi niliyompa."

"Tulia," Maan alirudia, na akakata.

Rahila hakutulia. Alipiga polisi. Sauti ya kijana ikamuuliza maswali yaliyonyooka, naye akajibu kwa kunyooka, kama anayesahihisha mtihani: wanawake sita na dereva mmoja, gari jeupe la kupandia milima, wadi ipi, upande upi wa barabara ya Izki. Kijana akasema barabara ya kuingilia huko imeshaanza kufungwa, watajitahidi. "Wewe ni nani wao?" akamalizia.

"Miye ndiye niliyewapeleka," akasema.

Kukaa nyumbani hakukuwezekana. Mama yake, aliyekuwa akifuatilia kutoka kwenye kiti chake, alimwita. "Wataka kwenda wapi na wingu lile?"

"Karibu nao, mama. Popote nitakapofika."

"Nawe radi waiogopa. Utaendeshaje?"

"Hivyo hivyo."

Bi Khawla alimtazama, kisha akasema, "Basi nenda. Mwite Bashayer wa jirani aje akae nami. Nami nnakuombea."

Aliendesha akiwa ameukamata usukani kama anayeshikilia kamba kisimani. Alifika Fanja, mji ulio kwenye mlango wa milima, akakuta magari yamejipanga na watu wamesimama nje wakipiga picha. Wadi ilikuwa imeshusha maji. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalipita kwa kishindo, yamebeba matawi ya mitende, pipa la bluu, mlango wa mbao uliokuwa bado na kitasa. Hakuna aliyevuka. Askari mmoja aliwarudisha nyuma watu kwa mikono miwili. Hapo Fanja kwenyewe hakukuwa na tone la mvua.

Aliegesha kwenye kituo cha petroli, akakaa ndani ya gari vioo vimefungwa. Alihesabu. Kama walishuka saa sita, wadini wamefika saa saba. Tahadhari imetoka saa saba kasoro robo. Kama maji yalichukua saa moja kushuka, wametoka. Kama yalichukua nusu saa, hawajatoka. Alihesabu upya, akabadilisha mwendo wa gari, akabadilisha mwendo wa maji, na kila hesabu ilimrudisha kwenye mwandiko wake chini ya ile karatasi.

Saa tisa, katika kundi la mtaa kwenye simu, mtu akatuma picha. Gari jeupe katikati ya wadi, limelala ubavu, maji yanapita juu ya milango. Namba hazionekani. Chini watu walishaandika: inna lillahi. Rahila aliikuza picha hadi ikawa vijisanduku vya rangi tu. Oman nzima magari ya milimani ni meupe, alijiambia. Meupe yote. Alishuka, akaenda nyuma ya kituo, akanawa uso.

Aliporudi garini hakulia. Alianza kuyataja majina yao, sita, akaona manne tu ndiyo anayoyajua. Wawili hakuwahi kuuliza. Hilo lilimchoma kuliko picha.

Saa kumi kasoro dakika kumi simu ikaita kwa namba asiyoijua.

"Bi Rahila?" Ilikuwa sauti ya Paulina, imekauka. "Tuko juu. Tuko kijijini kwa watu. Tuko wote."

"Wote saba?"

"Wote saba. Theodora ameumia mkono. Gari limekwenda na maji."

Rahila akasema alhamdulillahi. Paulina akaendelea, maneno yakikimbizana. Walikuwa wamekaa kwenye mawe, wengine miguu majini, Nasr amesimama kando akitazama milima kila mara maana hakuwa na raha. Jua lilikuwa linawaka. Paulina akaona maji ya kidimbwi, yaliyokuwa kioo, yameanza kuleta vijiti na majani makavu, na yanapanda kwenye jiwe alilokalia. Kisha akasikia harufu. "Harufu ya udongo uliolowa, Bi Rahila, na hapo kukavu kabisa. Kwetu mtoni tulifundishwa, ukiisikia hiyo huchukui hata kiatu." Aliruka, akapiga kelele kwa Kiswahili, kisha kwa Kiarabu chake cha jikoni: moya, moya, yalla, fok! Maji, maji, haya, juu! Wanawake wakapanda ukingo kwa magoti na kucha. Theodora akateleza, akaangukia mkono, wenzake wakamvuta kwa kanga.

"Na Nasr?"

"Alikimbilia gari. Lilikuwa kwenye changarawe, si mbali. Nilimshika kanzu nikaning'inia, akanivuta hatua tatu nne hivi. Nikamwambia khalas, basi, gari khalas! Alinipigia kelele. Halafu tukasikia ule mlio, akaacha. Amekaa hapa nje. Hataki chai."

Barabara ilikatika, kwa hiyo walilala kijijini, kwa bibi mmoja aliyewapa magodoro na maziwa ya mbuzi. Lakini kazi ya Rahila ndiyo kwanza ilianza. Kulikuwa na nyumba sita za kupigiwa simu, kila moja ikimsubiri mtu wake arudi kabla ya magharibi. Alizipiga akiwa pale pale kituoni, na kila mara alianza na neno "wazima". Wengine walishukuru. Mmoja alimkatia. Maram, tajiri wa Paulina, alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema polepole, "Ana mama yake Makete ananipigia kila mwezi kuniuliza mwanangu hajambo. Ningemjibu nini, ustadha?"

"Ungemwambia ni miye niliyewapeleka," Rahila alisema.

Jumamosi adhuhuri barabara ilipofunguliwa, Rahila mwenyewe aliwafuata pamoja na gari la pili la ofisi. Mkono wa Theodora ulikuwa umevunjika kwenye kifundo. Rahila aliuliza majina ya wale wawili aliokuwa hawajui: mmoja Benedikta, mwingine Rozina. Wote walikuwa wamechoka. Nasr alikaa mbele, mikono juu ya mapaja, kanzu imechanika mkono.

Jumapili Maan alimwita Rahila chumbani kwake na kumsogezea karatasi. Watu wa bima walitaka maelezo. Maan alikuwa ameshayaandika: dereva aliegesha gari wadini kinyume na maelekezo ya ofisi. Chini palikuwa na nafasi ya sahihi ya mpangaji wa safari.

"Hivi ndivyo ilivyo rahisi," Maan alisema, bila kumtazama. "Nasr ataonywa tu. Ukiandika vingine, watasema ofisi nzima ni ya wazembe. Tutapoteza leseni, Rahila. Fikiria."

Rahila alifikiria. Aliufikiria mshahara wake mdogo uliokuwa ukinunua dawa za mama yake, na umri wake, na nani angemwajiri tena. Jasho lilimlowesha viganja kama siku ya radi. "Programu niliiandika miye," akasema. "Wadi niliitia miye kwa kalamu, na Nasr aliniuliza. Nitaandika hivyo na nitatia sahihi hapo."

"Unajichimbia."

"Labda."

Aliandika ukurasa mmoja, kwa mwandiko wa ubaoni, bila kujitetea na bila kumtaja mtu mwingine. Maan aliuchukua, akaufungia kwenye mtoto wa meza. Wiki tatu hakumwambia neno. Rahila alikuja kila asubuhi, akapokea simu, akajibu watu waje lini, na kila mlango ulipofunguliwa moyo ulimruka. Alishapunguza vitu mezani kwake, ili siku akiambiwa aondoke asionekane akikusanya.

Mwisho wa wiki ya tatu, Maan alisimama mlangoni kwake. Alikuwa ameipeleka barua kama ilivyo. Bima hawakuridhika, wanabishana bado, na wakaguzi watakuja. "Nilikasirika," alisema. "Nimekasirika hadi sasa. Lakini Nasr alikuja kuaga, nikamwonyesha barua yako. Hakuaga tena." Kisha akauliza kama anauliza habari ya kawaida: "Aprili ijayo tunauza nini?"

"Mlima tu. Asubuhi."

"Wageni wataka maji."

"Waje Disemba."

Wageni kadhaa walihamia ofisi nyingine zilizokubali kuwapeleka wadini Aprili, na Maan halikumfurahisha hilo wala halikumfurahisha Rahila. Wakaguzi walikuja, wakakaa siku mbili, wakaondoka na nakala za karatasi. Jibu lao lilichelewa, na kuchelewa huko Rahila akakuzoea kama mtu anavyozoea jino bovu.

Kwa Maram alikwenda mara mbili. Mara ya kwanza alikaribishwa kahawa na maneno machache. Mara ya pili Paulina ndiye aliyemfungulia, akiwa na unga hadi viwikoni, akamwongoza jikoni badala ya sebuleni, na Maram akawafuata humo humo, wakasimama watatu wakizungumzia mkono wa Theodora. Plasta ilikuwa imetolewa. Mfupa uliunga, lakini kifundo hakikunjiki sawasawa, na tajiri wake alikuwa amembadilishia kazi, sasa anashinda na watoto.

"Anasemaje?" Rahila aliuliza. Aliuliza haraka, akitazama sakafu.

Paulina alifikiri. "Anasema maji yalikuwa mazuri," akajibu. Kisha akaendelea kukanda unga, kwa sababu wageni wa jioni walikuwa karibu kufika, na Rahila akafunga mtandio wake, akaomba nafasi kwenye meza, akaanza kumkatia vitunguu.